Kipeuo cha Kumi na Mbili

Kutoka ufukwe wa Tanga mpaka kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kuna oktava moja ya hewa. Kanieneo ya hewa kule juu, mita 5,895, ni karibu nusu ya ile ya baharini, na oktava si kitu kingine ila hicho: moja kwa mbili. Hewa ya mlimani haipungui kwa kutolewa, hupungua kwa kugawanywa. Panda mita 490 hivi kutoka baharini, utabaki na kama asilimia 94 ya hewa uliyoiacha chini. Panda mita nyingine 490, utabaki na asilimia 94 ya ile asilimia 94. Ukifanya hivyo mara kumi na mbili umefika nusu, na umefika kileleni. Sisi wa Moshi mjini tunaishi karibu nusu toni mbili kutoka pwani. Kituo cha Mandara, kwenye mita kama 2,700 juu ya Marangu, kinakaribia katikati ya oktava.

Mpagazi anayepanda na mzigo kichwani huhesabu kwa kujumlisha. Saa za leo, juu yake saa za kesho. Kituo hiki, kisha kile. Kifua chake kinahesabu vingine. Kwa kifua, kila kipande cha safari ni sehemu ya kilichobaki, na kilichobaki nacho ni sehemu ya kile cha kabla yake. Mtu mmoja, safari moja, hesabu mbili zinazokwenda pamoja bila kugombana. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, kwa sababu ndilo jambo la kazi yangu. Naandika programu za sauti, na karibu kila mstari wa maana ninaouandika unavusha kitu kutoka hesabu ya kwanza kwenda ya pili.

Sikio hujumlisha. Ukipanda do, re, mi, unahisi ngazi, na kila daraja unahisi limewekwa juu ya lile la chini. Lakini hewa inayofika sikioni haijui ngazi. La ya katikati ya kinanda ni hewa inayotetemeka mara 440 kwa sekunde; ndicho kipimo ambacho shirika la viwango la kimataifa lilikithibitisha mwaka 1975. La inayofuata juu yake ni 880, na ya juu zaidi ni 1,760. Kati ya mbili za kwanza pana tofauti ya 440, kati ya mbili zinazofuata pana 880. Sikio halijali tofauti hizo. Linasema umbali ni uleule, nalo linasema kweli, kwa sababu linauliza swali jingine: hii ni mara ngapi ya ile?

Katika kanisa lolote la mlimani, Kidia, Mwika, Machame, kiongozi akianzisha wimbo, baba na mtoto wake huimba nota moja, na hakuna anayeona ajabu. Kwa mitetemo hawaimbi nota moja hata kidogo. Koo la baba linatikisa hewa mara 220, la mtoto mara 440. Kipimo chochote cha fundi kingeandika namba mbili. Usharika mzima unasikia moja. Ninapofikiri juu ya umoja, ule unaoombewa kila Jumapili, nafikiri kwanza juu ya hili. Baba hakuombwa kupanda wala mtoto hakuombwa kushuka. Kila mmoja alibaki kwenye masafa yake, na kilichowafanya kuwa wamoja ni uwiano uliokuwapo kati yao kabla hawajafungua vinywa.

Programu haijui do wala sol. Spika inachotaka ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, basi. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuipa kila nota namba. Katika mfumo wa MIDI, ambao tangu mwaka 1983 umeunganisha vinanda na kompyuta duniani kote, la ya 440 ni namba 69, na kila nusu toni ni namba moja juu au chini. Ili kupata masafa ya nota yoyote unatoa 69 kutoka kwenye namba yake, unagawa kwa 12, unainua 2 kwa kipeo hicho, kisha unazidisha kwa 440. Mi iliyo nusu toni saba juu ya la hutoka 659.26. Ni mstari mmoja tu wa programu, na mwanafunzi aliyemaliza somo la vipeo kidato cha pili anaweza kuuandika.

Ndani ya mstari huo kuna namba ambayo sijawahi kuizoea. Nusu toni moja ni kipeuo cha kumi na mbili cha 2: namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, kumi na mbili zake, unapata 2 kamili. Huanza 1.059463 na kuendelea. Haina mwisho, wala tarakimu zake hazijirudii kwa mpango wowote. Karibu na mwisho wa karne ya 16 watu wawili wasiojuana waliikokotoa kwa mkono: Zhu Zaiyu, mtu wa ukoo wa kifalme wa China, na Simon Stevin katika nchi za Uholanzi. Tangu hapo hakuna aliyeiandika yote, wala hatatokea. Kila kinanda kilichosawazishwa kimesawazishwa kwa namba ambayo hakuna anayeimiliki nzima.

Ndiyo maana namna ya kuihesabu ina uzito. Tuseme mtu ameikata namba hiyo ikawa 1.059, akazaa nota moja kutoka nyingine, kila moja ikitoka kwa jirani yake wa chini. Hatua moja haisikiki kosa. Hatua ya kumi na mbili, 440 imefika 875.4 badala ya 880, na ukipiga la hiyo pamoja na la ya kweli utasikia mtikisiko zaidi ya mara nne kwa sekunde, sauti inayotetemeka kama mtu mwenye homa. Dawa yake si kuongeza tarakimu peke yake. Dawa ni kila nota irudi kwenye 440 na kuinuliwa kwa kipeo chake yenyewe, isipokee chochote kutoka kwa jirani. Hapo upungufu wa mmoja hauwi urithi wa mwingine. Nililelewa katika kanisa ambalo mtoto akishajua kusoma hupewa kitabu mkononi asome mwenyewe, hata kama mwinjilisti ameshamsomea. Nikiandika mstari huo hukumbuka malezi hayo kwa shukrani.

Lakini kuna jambo ambalo hata kurudi kwenye chanzo hakuliponyi, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nota mbili zinazopatana kuliko zote, baada ya oktava, ni do na sol. Uwiano wake ni 3 kwa 2. Ukipanda sol ya do, kisha sol ya hiyo, na kuendelea hivyo mara kumi na mbili, utapita nota zote kumi na mbili za kinanda na kurudi kwenye do, oktava saba juu. Ndivyo mikono inavyosema kwenye kinanda. Namba zinakataa. Tatu juu ya mbili ikizidishwa mara kumi na mbili ni 129.75 kasoro kidogo. Oktava saba ni 128 kamili. Umezunguka, umerudi, mlango ni ule, ila kizingiti kimeinuka kidogo.

Mtu hutaka kukagua hesabu. Hakuna kosa. Tatu zikizidishwa kwa tatu hazitaacha kamwe kuwa witiri, hata ukizidisha mpaka mwisho wa dunia. Mbili hazitaacha kuwa shufwa. Namba moja haiwezi kuwa vyote viwili, kwa hiyo njia ya tatu na njia ya mbili hazikutani tena baada ya kuachana pale mwanzo. Ufa huu haukuletwa na fundi mbaya wala sikio baya. Hakuna aliyeuvunja. Ulikuwapo kabla ya Kibo kulipuka na kupoa, kabla ya koo la kwanza kuimba.

Nilipokuwa kijana nilifundishwa, na niliamini, kwamba kila ufa una mwenye kosa. Dunia iliumbwa nzima, mtu akaiharibu. Nyumba ilikuwa na amani, fulani akaivuruga. Mengi ni kweli hivyo. Ila hapa kuna vitu viwili safi, oktava na hatua ya do mpaka sol, vyote vizuri, vyote vimetoka mkono mmoja, na haviwezi kutimia pamoja. Sijui mahali pengine ambapo jambo hili limewekwa wazi hivi, pasipo mtu wa kulaumiwa, pasipo hasira. Nikiwa katika ugomvi wa ndugu wawili ambao wote wana haki, nakumbuka 129.75 na 128, na naweza kukaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza zamani.

Ufa huo una ukubwa unaopimika. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alipendekeza oktava igawanywe senti 1,200, nusu toni moja ikiwa na senti 100. Alifanya kazi yake akisaidiwa na Alfred Hipkins, mpiga kinanda mwenye sikio kali, na walipima vyombo vya mataifa mengi. Senti hupatikana kwa logi: chukua uwiano, tafuta logi yake kwa kizio cha 2, zidisha kwa 1,200. Kilichokuwa kinazidishwa sasa kinajumlishwa, kama sikio linavyotaka. Kwa kipimo hiki do na sol safi ziko mbali kwa senti 701.955, na ufa wa mzunguko mzima ni senti 23.46, karibu robo ya nusu toni.

Ufanywe nini? Karne kadhaa mafundi wa vinanda waliusukumia pembeni, kwenye nota zisizopigwa sana, na huko ukanguruma. Njia iliyoshinda mwishowe ni ya kuugawa. Hapa mlimani maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yakiwa machache hugawanywa kwa zamu, na kila kihamba, shamba la familia, hupata pungufu kidogo ya kilichotaka ili kile cha mwisho chini kisikauke. Ndivyo ilivyofanyika kwa sol. Kila moja katika zile kumi na mbili imepunguzwa senti 2 kasoro, na mzunguko umefunga. Hakuna hata sol moja iliyo safi kwenye kinanda kilichosawazishwa hivi. Kutoka la ya 220, mi ilipaswa kuwa 330, imekuwa 329.63. Ukizipiga pamoja taratibu utasikia sauti ikipumua, pungufu kidogo ya mara moja kwa sekunde. Mimi hupenda kuisikiliza pumzi hiyo. Ni deni linalolipwa na kila nota kwa niaba ya nyingine zote.

Kipeuo cha kumi na mbili ni hicho: ufa wenyewe, ukiwa umegawanywa sawa.

Nyimbo zilizotufikia hapa zilitoka mji unaolijua jambo hili vizuri. Misheni ya Leipzig, iliyoanzia Dresden mwaka 1836, ilihamia Leipzig mwaka 1848, mwaka uleule ambao Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo. Wamisionari wake walifika Machame mwaka 1893. Leipzig ndiko Johann Sebastian Bach alikofanya kazi tangu 1723 mpaka kufa kwake 1750, na mwaka mmoja kabla ya kuhamia huko alikuwa amekamilisha kitabu cha kwanza cha vipande vyake katika funguo zote 24, kila ufunguo ukipata nafasi ya kuwa nyumbani. (Usawazishaji wake haukuwa lazima huu wetu wa leo, zama zile kila ufunguo uliruhusiwa kuwa na rangi yake, na naona tumepoteza kitu.) Nyimbo za sauti nne, na baadaye tarumbeta za shaba, zikapanda mlima. Zikakuta watu waliokuwa wakimwimbia Ruwa, Mungu kwa Kichagga, zamani sana bila kinanda chochote.

Leo kwaya nyingi zina kinanda cha umeme. Kinasaidia, siwezi kukisema vibaya. Lakini kuna jambo kuhusu mi. Do na mi safi ni 5 kwa 4, senti 386. Kwenye kinanda ni senti 400. Hapo deni si dogo tena. Tukiifanya la ya 220 kuwa do, mi yake ilipaswa kuwa 275. Kinanda kinatoa 277.18, na mtikisiko unaotokea ni karibu mara tisa kwa sekunde. Tumeuzoea tangu utotoni mpaka tunaudhani ni mng'ao.

Kisha inafika Desemba. Magari kutoka Dar es Salaam na Arusha yamejaa barabara ya kupanda Marangu na Rombo, watu wamerudi vihambani, kwaya zimeongezewa sauti za watu waliokuwa mbali mwaka mzima. Mazoezi yanaendelea mpaka usiku. Umeme unakatika. Kinanda kinanyamaza katikati ya ubeti, na kwaya, badala ya kusimama, inaendelea.

Anayesikiliza kwa makini atasikia kitu kikibadilika kabla ubeti haujaisha. Akina mama wa sauti ya pili wanashuka kidogo. Hakuna aliyewaambia, wala wenyewe hawajui. Ile mi inaacha 277 inatafuta 275, na ikifika, sauti inatulia. Kile kilichokuwa kikitetemeka kinakuwa kama maji yasiyo na upepo. Sababu yake fundi anaijua. Sauti ya binadamu haitoi mtetemo mmoja. Hutoa wa msingi pamoja na mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Mara nne ya 275 ni 1,100. Mara tano ya 220 ni 1,100. Besi na sauti ya pili wamekutana juu sana, mahali ambapo hakuna mmoja wao anayeimba, na pale panasikika kitu kama sauti nyingine, nyembamba na angavu, ambayo haipo katika kitabu cha nota wala katika koo la mtu yeyote peke yake. Kwaya zinaijua. Watu hufumba macho ikija. Mimi ninayeweza kuieleza kwa namba nafumba macho pia, na kuieleza kwa namba hakujanipunguzia chochote.

Lakini usafi huo una gharama, na gharama yake inaweza kufuatwa kwa kidole. Tuseme besi wanashika do, waiite 1. Wimbo unawashusha mpaka la, kwa hatua safi ya 5 kwa 6. Kutoka la wanapanda re, 4 kwa 3. Sasa wako kwenye 10 kwa 9. Wanashuka sol, 2 kwa 3. Wako kwenye 20 kwa 27. Wanapanda do, 4 kwa 3. Wamefika nyumbani, kitabu kinasema ni do ileile, na kila hatua waliyopiga ilikuwa safi kabisa. Zidisha. Wako kwenye 80 kwa 81. Nyumba imeshuka senti 21 na nusu. Kama mwendo huo umo mara moja katika kila ubeti na wameshaimba beti nne, do iliyoanza kwenye 220 inaishia karibu 209, na haijabaki sana kutimia nusu toni nzima.

Umeme ukirudi wakati huo na mpiga kinanda akaingia ubeti wa tano kwa nota iliyoandikwa, kanisa zima linasikia mgongano, na macho yote huelekea kwa kwaya. Kwaya imeshuka. Kweli, kwaya hushuka kwa sababu nyingi, uchovu, pumzi fupi, besi wanaolala, na mwalimu wa kwaya ana haki ya kuzikemea hizo. Hii nyingine si ya kukemea. Hawa walioshuka hivi hawakukosea hatua hata moja. Kila mmoja alimsikiliza jirani yake na kumpa uwiano wa kweli, na ukweli wa hatua kwa hatua haukuwarudisha walikoanzia. Kinanda kimebaki mahali pake kwa sababu kila hatua yake ina upungufu mdogo uliokubaliwa tangu mwanzo. Naona vyote viwili ni uaminifu. Kuna watu wanaoshika neno moja maisha yote na kila siku wanalipunguza kidogo ili libaki pale lilipo. Wengine wanampa kila anayewajia ukweli kamili wa saa ile, na baada ya miaka wanajikuta mbali na walipoanza, bila kujua ni lini waliondoka. Nimewapenda watu wa aina zote mbili. Wengine wamezikwa chini ya migomba yao huku mlimani.

Tarumbeta zinafundisha kwa njia nyingine. Bomba la shaba lisilobonyezwa vali yoyote hutoa nota za mfululizo mmoja tu: mara mbili ya msingi wake, mara tatu, nne, tano, sita, nane. Limo hilo 3 kwa 2, limo 5 kwa 4, vimo bila mtu kuvisawazisha. Nimeruka saba kwa makusudi, kwa sababu wapigaji huiruka. Bomba linaitoa, lakini iko senti 31 chini ya nota ya kinanda iliyo karibu nayo, na kila anayejifunza huambiwa kwamba hiyo ni mbovu, aiache.

Shuka sasa mlima, vuka nyika, nenda Dodoma. Katika nyimbo za Wagogo, zile ambazo Hukwe Zawose alizipeleka duniani pamoja na ala yake ya ilimba kabla ya kufariki mwaka 2003, saba haikuachwa. Ngazi yao imejengwa juu ya mfululizo uleule wa asili ambao bomba la shaba huutoa: 6, 7, 8, 9. Nota ambayo tarumbeta ya Kilimanjaro imefundishwa kuionea haya ni jiwe la pembeni la wimbo wa Dodoma. Saba ni ileile. Sijapata kuwaza juu ya jambo hili bila kutetemeka kidogo, maana najiuliza ni mangapi ndani yangu niliyofundishwa kuyaruka ambayo jirani wa safari ya siku moja tu anayaimba mbele za Mungu.

Kompyuta, kwa bahati, haina haya yoyote. Kinanda hakina kitufe cha saba, lakini MIDI ina kiwango cha kupinda nota chenye hatua 16,384, ambazo kwa kawaida hutandazwa nusu toni mbili chini na mbili juu. Kuifikia saba unachukua nota ya kinanda iliyo karibu na kuishusha hatua 1,277. Au unaachana na namba za nota kabisa na kumwambia mtambo wa sauti jambo lenyewe: msingi, zidisha kwa 7, gawa kwa 4. Napendelea hili la pili. Ni fupi, na halimwiti mtu yeyote mbovu.

Programu ninayoiandika sasa ni ya kwaya zinazofanya mazoezi bila kinanda. Haianzi na 440. Inamsikiliza yule anayeanzisha wimbo, mwanamke au mwanamume, juu au chini kama koo lake lilivyoamka siku hiyo, na masafa yake yanaandikwa 1. Asubuhi ya baridi kule juu Julai na mchana wa joto Moshi mjini Februari hazitatoa 1 moja, na haidhuru. Kila sauti inayofuata inaandikwa kama sehemu ya hiyo, kiasi juu ya asili, namba nzima kwa namba nzima. Siigeuzi kuwa desimali mpaka dakika ambayo spika inadai mitetemo yake, kwa sababu desimali husahau ilikotoka, na sehemu inakumbuka: ukiona 20 kwa 27 unaweza kurudi nyuma mpaka ujue mtu alipita wapi.

Nimeombwa niweke kitufe cha kuirudisha kwaya kwenye do yake ya mwanzo kila inaposhuka. Si kazi kubwa, ni kuzidisha kwa 81 na kugawa kwa 80. Sijakiweka. Kwaya ikishuka, programu inashuka nayo, inabaki kwenye uwiano wao wa sasa, na wimbo ukiisha inaandika chini ya skrini mahali walipotua: 80 kwa 81, au 6,400 kwa 6,561 kama walipita njia ile mara mbili.